Siku Ishirini

Tangu mwaka 1983 madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu duniani wanatumia kipimo kimoja cha ulemavu unaoletwa na ugonjwa nitakaoutaja punde, kilichochapishwa mwaka huo na daktari wa Marekani, John Kurtzke. Kinaanzia sifuri, kwa mtu asiye na hitilafu, na kuishia 10, ambayo ni kifo. Sehemu kubwa ya katikati yake inahesabu hatua za miguu. Anayeweza kwenda mita 500 bila fimbo wala kupumzika yuko kwenye 4. Anayeishia mita 200 yuko kwenye 5. Anayehitaji fimbo ili afikishe mita 100 yuko kwenye 6. Akishindwa kuvuka mita tano hata kwa kusaidiwa, huyo ni 7, na siku zake sasa ni za kiti cha magurudumu.

Nakiheshimu kipimo hiki, lakini kila ninapokisoma nikiwa hapa Katubuka, Kigoma, naona kinachopewa uzito mdogo. Mchukue mama mmoja wa hapa anayeishi kwa dagaa. Alfajiri yuko mwaloni Kibirizi, anavutana bei na wavuvi waliokesha ziwani na taa zao. Jua likichomoza yuko kwenye chanja, ameinama, anatandaza dagaa kwa ncha za vidole, anachambua waliovunjika, anageuza, anaangalia wingu lisije likamharibia. Miguu ikimfikisha mita 500, kipimo kitasema hali yake si mbaya sana. Lakini vidole vikifa ganzi, au jicho moja likiingia giza, au akishindwa kuzuia mkojo katikati ya wanaume wanaopakua mitumbwi, kazi yake imekwisha hata kama anatembea. Kwa mama huyo, kuuliza kama atapona ni sawa na kuuliza nani atailisha nyumba mwakani.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni maltipo sklerosisi, MS kwa kifupi, pamoja na ndugu zake. Jean-Martin Charcot aliueleza mwaka 1868 katika hospitali ya Salpêtrière, Paris. Kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando wa mafuta unaozunguka nyuzi za fahamu kwenye ubongo, uti wa mgongo na mshipa wa jicho. Utando huo, mayelini, ndio unaozifanya taarifa zipite upesi. Ukiharibika, taarifa huchelewa au hukatikia njiani. Mgonjwa mara nyingi ni kijana wa miaka 20 hadi 40, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Anaamka na ganzi inayopanda kutoka nyayoni, au jicho linalouma akiligeuza na kuona kiza. Hali hukaza kwa siku kadhaa, hukaa wiki kadhaa, kisha huachia. Hilo ndilo shambulio. Baada ya miezi au miaka huja jingine. Kila linapoachia, ukoo mzima huuliza jambo moja: ndiyo kabaki hivi, au atarudi alivyokuwa?

Watu wa Katubuka tuna namna yetu ya kulielewa swali hilo. Kata yetu ina bonde ambalo maji ya mvua hujikusanya bila kupata pa kutokea, na katika misimu ya mvua kubwa ya miaka ya karibuni bwawa limepanda hadi vyumbani mwa watu. Maji yakishuka, kuna nyumba inayotaka kufagiliwa tope tu. Kuna inayotaka kupigwa lipu upya. Na kuna ile ambayo matofali yake ya chini yamekwisha kuwa udongo. Maji yakiwa bado yamejaa, nyumba zote tatu zinafanana.

Ndani ya mishipa ya fahamu mambo huenda vivyo hivyo. Sehemu ya udhaifu hutokana na uvimbe, na uvimbe ukishuka nguvu hurudi. Sehemu nyingine hutokana na mayelini iliyobanduka, ambayo mwili hujitahidi kuitengeneza tena, nyembamba kuliko ya awali. Sehemu ya tatu ni nyuzi zenyewe zilizokatika. Mwaka 1998 Bruce Trapp na wenzake wa Cleveland, Marekani, walionyesha kwa hadubini kwamba nyuzi hukatika mapema, ndani ya vidonda vibichi kabisa vya ugonjwa huu. Uzi wa ubongo uliokatika hauungi. Katika siku za kwanza za shambulio hakuna jicho la daktari linaloweza kuzitenganisha sehemu hizo tatu. Anayetabiri anatabiri kitu ambacho bado kimefunikwa na maji.

Hata hivyo kutabiri kunawezekana, kwa kiasi chake. Mwaka 2003 Fred Lublin na wenzake walichapisha hesabu za wagonjwa wa MS waliokuwa kwenye majaribio ya dawa, upande wa wale waliopewa dawa bandia. Waliwaangalia kabla ya shambulio, wakati wa shambulio, na wastani wa siku 64 baadaye. Asilimia 42 walikuwa bado hawajarudi walipokuwa, kwa tofauti ya angalau nusu alama ya Kurtzke. Asilimia 28 walikuwa wamepoteza alama nzima au zaidi. Waliokuwa wakiamini kwamba shambulio huja na kupita bila kuacha deni walipata jibu lao.

Tafiti nyingine zimeonyesha ni nani hasa huachiwa deni hilo. Umri ukisogea, uwezo wa kupona hupungua. Shambulio linalopiga nguvu za miguu, mizani ya mwili au njia ya mkojo huacha mabaki zaidi kuliko linaloleta ganzi tu. Shambulio la kwanza lisipopona vizuri, hiyo ni dalili ya yajayo. Mashambulio yaliyokaribiana katika miaka miwili ya mwanzo, vidonda kwenye uti wa mgongo na uvutaji wa sigara vyote huingia kwenye hesabu. Siku hizi hata damu ina la kusema: nyuzi zikikatika huvujisha protini iitwayo nyurofilamenti, na zipo mashine zinazoweza kuipima hata ikiwa chembe ndogo mno.

Tena mwaka 2000 Christian Confavreux wa Lyon, Ufaransa, alipochambua kumbukumbu za wagonjwa 1,844, aliona kwamba ulemavu ukishafika hatua fulani huendelea kwa mwendo wake, mashambulio yawe mengi au machache. Mimi nausoma ugunduzi huo hivi: nafasi ya kuibadili safari iko mwanzoni, na mwanzo haungoji mtu.

Ugonjwa unaokuja na kuachia wenyewe una hila moja. Aliyetoa dawa ya mwisho ndiye husifiwa. Binti akipata ganzi, familia humpeleka kwa mganga. Ramli inapigwa, aliyemroga anatajwa, anachanjwa, anaogeshwa. Wiki ya tatu miguu inaanza kurudi. Hawa wanaosema mganga kamponya hawasemi uongo. Wameona kwa macho yao. Hospitali nayo ina mtego huo huo. Dripu ya steroidi ya siku tatu hadi tano humwinua aliyekuwa kalala, na daktari akapewa shukrani. Jaribio kubwa la Marekani kuhusu uvimbe wa mshipa wa jicho, lililoanza kuchapishwa mwaka 1992, lilionyesha kwamba dripu hiyo huharakisha kuona kurudi, lakini wagonjwa walipoangaliwa mwaka mmoja baadaye, waliopewa na wasiopewa walikuwa wanalingana. Steroidi ni msaada wa kweli kwa anayeteseka leo. Kwa swali la kitakachobaki, haijatosha.

Gharama ya ramli huonekana shambulio la pili linapokuja. Aliyeponywa mara ya kwanza sasa inabidi atafutiwe adui mpya: jirani, wifi, mke mwenza. Ndoa huvunjika kwa jambo ambalo lilikuwa ndani ya mshipa. Na wakati adui anatafutwa, siku zinakwenda.

Siku hizo ndizo zilizonifanya niandike. MS ni adimu karibu na ikweta, na Kigoma iko nyuzi tano tu kusini yake. Lakini ana ndugu ambaye kwa watu wa asili ya Afrika huonekana zaidi kuliko kwa Wazungu. Eugène Devic, naye wa Lyon, alimweleza mwaka 1894: ugonjwa unaopofusha macho na kupooza miguu, nyuromayelaitisi optika. Kwa zaidi ya miaka mia moja ulichanganywa na MS, mpaka mwaka 2004 ilipogunduliwa kingamwili yake katika damu, ile inayoshambulia akwaporini-4, mlango wa maji wa seli za ubongo. Wanawake huupata zaidi mno kuliko wanaume. Hapa ulemavu karibu wote huletwa na mashambulio yenyewe, na shambulio moja linaweza kuacha upofu wa kudumu.

Mwaka 2018 madaktari wa Ufaransa walichapisha uchunguzi wao juu ya mashambulio makali ya ugonjwa huu yaliyotibiwa kwa kusafisha plazma, yaani kuitoa damu, kuondoa maji yake yenye kingamwili na kuirudisha. Walitafuta ni kitu gani kinachotabiri kupona. Kilichoshinda vingine vyote kilikuwa muda wa kuanza tiba. Aliyeanzishiwa siku ile ile alikuwa na uwezekano wa asilimia 50 wa kupona kabisa. Baada ya siku ya 20, uwezekano huo ulikuwa umeshuka hadi kati ya asilimia 1 na 5.

Siku ishirini. Zihesabu kwa kalenda ya hapa kwetu. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Mashine za MRI, zinazoona kidonda ndani ya uti wa mgongo, ziko kwenye hospitali chache kubwa kama za Muhimbili, Dar es Salaam, na ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kabla ya safari kuna nauli ya kutafuta, na kabla ya nauli kuna rufaa. Kabla ya rufaa kuna duka la dawa, kuna zahanati, kuna kipimo cha malaria. Na kabla ya hayo yote kuna ile subira yetu: tumwangalie kwanza, labda ni uchovu.

Sitamlaumu mganga wa zahanati kwa kufikiria malaria kwanza. Mkoa huu una malaria nyingi, na homa ina mchezo wake. Mwaka 1890 Wilhelm Uhthoff wa Ujerumani alieleza wagonjwa ambao kuona kwao kulififia kwa muda walipojichosha; baadaye ikajulikana kwamba joto la mwili likipanda, mshipa uliowahi kuumia hushindwa kazi tena kwa muda, na udhaifu wa zamani hujitokeza upya. Homa ikitibiwa, udhaifu huondoka. Kwa hiyo kuna makosa mawili yanayongoja mlangoni: kuidhania homa kuwa shambulio jipya, na kulidhania shambulio jipya kuwa homa. Madaktari wana kanuni ya kuyatenganisha: dalili mpya inayodumu zaidi ya saa 24 kwa mtu asiye na homa wala maambukizi ihesabiwe kuwa shambulio mpaka ithibitike vinginevyo.

Na si malaria peke yake. Miguu ikilegea katika mkoa wa ziwani, daktari makini hufikiria kichocho, ambacho mayai yake huweza kufika kwenye uti wa mgongo. Hufikiria kifua kikuu cha pingili za mgongo, na VVU. Na kwa kuwa ugali wa muhogo ni chakula chetu, hufikiria konzo, ugonjwa unaotokana na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri. William Howlett na wenzake waliuchunguza baada ya mlipuko wa mwaka 1985 wilayani Tarime. Konzo hupiga miguu yote miwili kwa mara moja, kisha husimama palepale. Alichobaki nacho mgonjwa ndicho atakachoishi nacho. Kulijua jina la ugonjwa ni nusu ya utabiri. Mwenye konzo anahitaji mazoezi, vifaa na chakula kilichoandaliwa vizuri. Mwenye kichocho ana dawa yake. Mwenye nyuromayelaitisi optika yuko kwenye mbio na kalenda.

Kuna mambo ambayo hayangoji mashine. Mfunike mgonjwa jicho moja, mwonyeshe kizibo chekundu cha soda, kisha ubadilishe jicho. Jicho lililoshambuliwa mara nyingi huona nyekundu iliyopauka, hata pale linapoweza kusoma herufi. Mlaze, umkwaruze unyayo kwa ncha ya ufunguo, kutoka kisigino kupitia ukingo wa nje hadi chini ya vidole. Kwa mtu mzima mwenye afya kidole gumba hujikunja chini. Kikiinuka juu na vingine vikatanuka, kuna tatizo kwenye ubongo au uti wa mgongo, na hapo panadol na subira havina nafasi. Joseph Babinski, mwanafunzi wa Charcot, aliiandika ishara hiyo mwaka 1896. Ufunguo upo kila zahanati. Howlett, aliyefundisha na kutibu kwa miaka mingi katika hospitali ya KCMC, Moshi, aliandika kitabu kizima cha magonjwa ya mishipa ya fahamu barani Afrika, kilichotoka mwaka 2012 na kinachosomwa bure, kwa ajili ya mhudumu anayefanya kazi pasipo na mashine.

Mkoa huu umewahi kuona ulemavu wa mishipa ya fahamu ukishindwa. Mwaka 1966 polio iliwaingia sokwe wa Gombe, kaskazini mwa mji wetu, ikaua na kulemaza. Faben, mmoja wa wale waliokuwa wakichunguzwa na Jane Goodall, alipoteza matumizi ya mkono mmoja kwa maisha yake yote. Waliosalia walipewa chanjo ndani ya ndizi. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na polio ya asili. Hakuna aliyevumbua namna ya kufufua mshipa uliokufa kwa polio. Ulemavu ule ulishindwa kwa kuzuiwa usitokee.

Kwa MS na ndugu yake, kuzuia maana yake ni kuzuia shambulio lijalo, na hapa Afrika Mashariki imo ndani ya hadithi. Denis Burkitt, akiwa Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto. Seli za uvimbe huo zilisafirishwa kutoka Uganda hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona kirusi ndani yake. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard, kwa kuchambua sampuli za damu kutoka kundi la wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani, walionyesha kwamba mtu mzima anayeambukizwa kirusi hicho hicho hatari yake ya kupata MS hupanda mara 32. Kirusi hujificha ndani ya seli B za damu. Rituksimabu, dawa iliyoidhinishwa mwaka 1997 kwa ajili ya saratani ya seli hizo, huziondoa mwilini, na ndiyo inayowakinga wagonjwa wengi wa MS na wa nyuromayelaitisi optika dhidi ya shambulio jingine. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, pamoja na kladribini na glatirama. Kwa nyuromayelaitisi optika zipo pia azathioprini na prednisoloni, vidonge vya zamani na vya bei nafuu, ambavyo hupunguza mashambulio vikitumiwa kwa uangalizi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kwa mshipa uliokatika ukuta haujengeki.

Basi nimefika kwenye ninaloliamini. Ramli humwambia mtu lililokwisha andikwa. Utabiri wa daktari una thamani unapomfanya mtu aamke na kutenda ili uwe uongo. Daktari anayesema kwamba uwezekano wa kubaki na udhaifu ni mkubwa, kisha akafunga faili, naye amepiga ramli. Yule anayesema, "Pole sana mama. Sijui bado kitakachobaki. Kupona kwingi huonekana ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na kunaweza kuendelea hadi mwaka. Wiki hii tunafanya hivi ili lisirudi, na ukija tena nitakuuliza vidole vinafanyaje kazi kwenye chanja," huyo amesema ukweli na ametabiri kwa namna inayomfaa mtu.

Wakubwa wetu wa afya, tunaomba mambo matatu. Mhudumu wa kila zahanati afundishwe kutumia ufunguo na kizibo chekundu. Kuwe na njia ya haraka ya rufaa kwa kijana anayepoteza macho au miguu ndani ya siku chache, kama ilivyo kwa mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Na dawa za kuzuia shambulio zifike mikoani, kwa bei ambayo mchuuzi wa dagaa ataiweza.

Nawe msomaji, nyumbani kwako kukiwa na kijana aliyepoteza uoni wa jicho moja lenye maumivu, au aliyeingiwa na ganzi na ulegevu uliopita siku nzima bila homa, andika tarehe ilipoanza. Mpeleke hospitali kesho asubuhi, na umwonyeshe daktari tarehe hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Akianza kupona mwenyewe, mpeleke vilevile.